Mitoki Isiyouma: Niliyojifunza Kuhusu Maradhi ya Limfoma



Mwezi uliopita simu yangu ililia saa tisa za usiku. Kwa saa za Oman ilikuwa bado mapema, watu ndiyo kwanza wanatoka kuswali Isha. Alikuwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anayekaa Seeb na mumewe na watoto wanne. Aliniamkia, kisha akanyamaza. Nilipomuuliza kulikoni, akasema: "Mjomba, wamenikuta na limfoma. Kama yako."

Daktari alitaka aanze dawa wiki ile ile. Yeye akaomba muda. Mama mkwe wake alikuwa amemshauri asubiri, na zaidi ya yote asimwambie mtu, kwa kuwa ana mabinti wawili wanaokaribia kuchumbiwa, na watu wakisikia kuna kansa ndani ya nyumba hawatapiga hodi. Tulizungumza muda wa saa nzima. Nilipokata simu sikulala tena. Nikaona yale niliyomwambia yeye yanafaa niwaandikie na wengine, maana hakika hayuko peke yake.

Mimi si daktari. Nilikuwa karani. Nimezaliwa Unguja, nikasomeshwa na masista katika skuli ya misheni, ambako tulifundishwa kuandika hati nzuri na kutotia sahihi karatasi ambayo hatujaisoma. Elimu hiyo ndiyo iliyonilisha. Nimeshika kalamu bandari ya Dar es Salaam, nikashika bandari ya Matrah miaka ya sabini, na mwisho nikaja Australia, nikafanya kazi ya makaratasi ya shehena hapa Port Botany, bandari kubwa ya makontena ya Sydney iliyofunguliwa mwaka 1979. Hadi leo nakaa nyuma ya bandari, Matraville, na usiku taa za winchi naziona dirishani. Kwa hiyo nitakayoyaeleza ni ya mgonjwa aliyesoma makaratasi yake yote na kuuliza asipofahamu.

Ilivyonianza

Mwaka 2022 nilikuwa natengeneza ndevu mbele ya kioo, vidole vikagusa kinundu upande wa kushoto wa shingo. Kilikuwa kama ukwaju uliomenywa, laini kidogo, kinateleza chini ya ngozi. Hakiumi. Kwa kuwa hakiumi nikakiacha. Sisi watu wa pwani tunaijua mitoki. Mtu akiwa na jipu mguuni hutokwa na mtoki kinenani, jipu likipona nao hunywea. Nikadhani ni jambo la jino.

Baada ya mwezi nikaenda kwa daktari wa mtaani, akanipa dawa ya koo. Mwezi mwingine, dawa nyingine. Kinundu kikawa viwili, na kwapani kukatokea cha tatu. Usiku nikaanza kutoka jasho, na si jasho la joto, maana ilikuwa ni Julai, baridi ya huku. Mama watoto alikuwa akibadilisha shuka usiku wa manane kana kwamba nimemwagiwa ndoo. Suruali zikawa zinanivuka. Miezi mitatu na zaidi ilipita hivyo kabla sijapelekwa kwa daktari bingwa, na sehemu ya lawama ni yangu, kwani nilikuwa nikijibu "sijambo, alhamdulillah" kila nikiulizwa hali.

Jambo la kwanza la kushika, basi, ni hili: uvimbe wa tezi unaouma mara nyingi ni wa maambukizo na utapita. Usiouma, unaokaa zaidi ya wiki mbili tatu na unakua, ndio wa kupeleka hospitali. Ukiongezea homa zisizo na sababu, jasho la usiku la kulowesha nguo, na kupungua uzito bila kukusudia, usingoje.

Limfoma ni nini

Mwilini mwetu mna mishipa ya damu, na pembeni yake mna mishipa mingine myembamba inayopitisha majimaji meupe. Njiani mna vituo, ndizo hizo tezi za shingoni, kwapani, kinenani, na nyingine ndani ya kifua na tumbo. Wengu nao umo katika kundi hilo. Vituoni humo hukaa askari wa mwili, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Kazi yao ni kukagua kila kinachopita, kama afisa wa forodha. Limfoma ni pale askari mmoja anapoharibika, akaanza kuzaliana bila amri na bila kufa, mpaka kituo kinafura.

Ziko koo mbili kubwa. Ya kwanza imepewa jina la Thomas Hodgkin, daktari wa London aliyeielezea mwaka 1832. Zilizobaki zote zimetiwa katika fungu moja, zikaitwa limfoma zisizo za Hodgkin. Na fungu hilo si ugonjwa mmoja, lina aina zaidi ya sitini. Nyingi hutokana na chembe za aina ya B, chache na chembe za aina ya T. Ziko zinazokwenda mbio, zisipotibiwa huua kwa miezi, na ziko zinazotambaa polepole miaka kwa miaka.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu: usikubali kuambiwa "una limfoma" tu. Hilo ni sawa na mtu kukuambia bandarini lipo kontena lako, asikupe namba. Uliza jina kamili la aina yake, liandikwe kwenye karatasi, na karatasi iweke. Yangu iliandikwa limfoma ya chembe kubwa za B iliyosambaa, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko zote. Ni ya mbio. Lakini hapa liko jambo linalowashangaza watu: hizi za mbio ndizo mara nyingi zinazoweza kuondoka kabisa, kwa sababu dawa huzikamata pale zinapozaliana. Za polepole huwa hazing'oki moja kwa moja, lakini mtu huishi nazo miaka mingi, kama aishivyo na sukari au presha.

Watu huniuliza nimeipata wapi. Wengine wanasema ni kemikali za bandarini, wengine husda. Nilimuuliza bingwa. Akasema kwa mtu mmoja mmoja haiwezekani kusema. Umri mkubwa unachangia, vivyo hivyo kinga ya mwili iliyodhoofika, kwa mfano kwa virusi vya UKIMWI, na baadhi ya vijidudu. Iko hata limfoma ya tumbo inayoletwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, na baadhi ya wagonjwa wake hupona kwa dawa za kuua bakteria peke yake. Lakini limfoma yenyewe haiambukizi. Sahani, kikombe, kitanda cha ndoa, mtoto kupakatwa, havina neno. Wala si maradhi ya kurithishana nyumba kwa nyumba kiasi cha kuwanyima mabinti wachumba.

Afrika Mashariki katika historia yake

Nilipokuwa nikipata dawa nilisoma jambo ambalo sikufundishwa skuli, nalo linatuhusu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye kidogo, Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe ule ule. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika juu ya saratani hiyo ya watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, safari ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: je, mmewaona watoto wa namna hii? Ramani ikajichora yenyewe. Maradhi yalifuata nchi za joto na mvua, kule kule kwenye malaria.

Ilikuwa ni limfoma, na sasa inaitwa limfoma ya Burkitt, mojawapo ya hizo zisizo za Hodgkin. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na humo mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona kirusi ambacho leo kinabeba majina ya Epstein na Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago taasisi ya saratani ya Uganda, iliyoanza kwa kutibu limfoma.

Lililonigusa zaidi ni hili. Burkitt aliwapa watoto wale dawa iitwayo siklofosfamidi, na baadhi yao, ambao taya zilikuwa zimefura mpaka macho yamefunikwa, walipona kwa dozi chache. Dawa hiyo hiyo ilikuwa katika mfuko uliotundikwa juu ya kichwa changu Sydney, zaidi ya miaka sitini baadaye. Tunaposema kansa haitibiki, tunasahau kwamba watoto wa kwetu ni miongoni mwa wale walioionyesha dunia kwamba inatibika.

Wazazi mlioko Afrika Mashariki: mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakalegea yote kwa pamoja, msiishie kwa daktari wa meno. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kila siku ina hesabu yake.

Kipimo ni kinyama, si kukisia

Kwetu Afrika tezi ya shingo ikivimba fikra ya kwanza ni kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Lakini kaka yangu alifariki Dar es Salaam mwaka 1978 baada ya kutibiwa kifua kikuu miezi mingi, mitoki ikizidi kuongezeka, na hakuna aliyeichukua hata moja kuipima. Mpaka leo hatujui alikufa na nini. Nikikaa na karatasi zangu namkumbuka.

Limfoma haijulikani kwa kutazama wala kwa damu peke yake. Inatakiwa tezi itolewe, nzima ikiwezekana, ipimwe kwa darubini na dawa maalumu. Kutoboa kwa sindano nyembamba mara nyingi hakutoshi kuitambua aina. Basi kama dawa ya kifua kikuu imetumika na tezi hainywei, dai kinyama kikatwe. Na msiogope yale maneno kwamba "saratani ikiguswa kisu inasambaa." Bila kinyama hakuna jina, na bila jina hakuna dawa.

Baada ya hapo kuna picha ya mwili mzima. Mimi nilidungwa sukari yenye mionzi kidogo, nikalala ndani ya mashine, na sehemu zenye maradhi zikawaka kama taa za meli usiku. Wengine huchukuliwa uboho kwenye mfupa wa nyonga. Hupimwa moyo, kwa kuwa dawa mojawapo huuchosha. Hupimwa UKIMWI, na hupimwa homa ya ini aina ya B. Hili la ini lisipuuzwe, kwani wengi kwetu wanayo bila kujua, na dawa za limfoma zinaweza kuiamsha. Ikijulikana mapema, hupewa vidonge vya kuilaza.

Kisha wanakupa daraja, ya kwanza hadi ya nne. Ya kwanza maradhi yako sehemu moja. Ya pili sehemu mbili au zaidi, upande mmoja wa kiwambo cha kifua. Ya tatu juu na chini ya kiwambo. Ya nne yamefika nje ya tezi, kama ini au uboho. Mimi nilikuwa ya tatu, na nilipoisikia nikaanza kuandika wasia. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akanishika mkono: katika limfoma, daraja ya tatu au ya nne si hukumu ya kifo kama katika saratani nyingi nyingine. Wengi wa daraja hizo hupona.

Njia za matibabu

Kwanza, kungoja na kuangalia. Kwa limfoma za polepole zisizosumbua, daktari anaweza kusema tusitie dawa sasa, uje kila miezi mitatu. Wengi hudhani wametupwa. Sivyo. Imeonekana kwamba kwa wagonjwa wa namna hiyo kuanza dawa mapema hakurefushi maisha kuliko kuanza pale inapohitajika.

Pili, dawa za mishipa. Mchanganyiko unaotumika zaidi kwa aina yangu huitwa R-CHOP, herufi za dawa tano. Nne ni za tangu miaka ya sabini: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini, na vidonge vya predinisoloni. Ya tano, rituksimabu, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1997. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa, huishika chembe ya B mgongoni na kuionyesha kwa askari wengine waiue. Hutolewa siku moja, vidonge siku tano, kisha unapumzika mpaka wiki tatu zitimie. Mimi nilipata duru sita. Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa limfoma ya chembe kubwa za B kwa njia hii hupona wasirudiwe tena.

Vinkristini ina hadithi yake. Inatoka katika kile kimmea cha Madagaska chenye maua ya petali tano, mapinki na meupe, kinachoota kwenye mchanga wa nyua zetu na pembeni mwa makaburi pwani yote. Tulikuwa tukikichuma utotoni kuchezea harusi za wanasesere. Lakini tafadhali asije mtu akachemsha majani yake. Ni sumu, na dozi ya hospitali hupimwa kwa miligramu.

Tatu, mionzi, hasa maradhi yakiwa sehemu moja, au pakibaki pahala pamoja pakaidi.

Nne, yakirudi au yakikataa dawa. Hapo kuna dawa kali zaidi zikifuatwa na kurudishiwa chembe za uboho wako mwenyewe zilizohifadhiwa. Kuna vidonge vya kuzuia amri ya kuzaliana ndani ya chembe. Kuna sindano mpya zinazomfunga askari mzima na chembe mbovu pamoja, uso kwa uso. Na kuna njia ya kuchukua askari wako wa aina ya T, kuwafundisha maabara kuitambua limfoma, kisha kuwarudisha mwilini. Hii ya mwisho ni ghali mno na ina hatari zake, lakini hapa Australia serikali huilipia kwa wanaostahiki.

Na asiyeweza kupata rituksimabu? Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na ziko za bei nafuu zinazotengenezwa India na kwingineko, basi uliza. Ikikosekana kabisa, zile dawa nne za zamani zimewaponya watu wengi kabla ya rituksimabu kuzaliwa. Kupata nne ni bora kuliko kukaa nyumbani ukiisubiri ya tano.

Maisha ya nyumbani wakati wa dawa

Siku ya kwanza, rituksimabu ilipoanza kuingia, nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Muuguzi akaisimamisha, akanipa sindano, akaianza tena taratibu. Hutokea, hasa mara ya kwanza. Doksorubisini ni nyekundu kama sharbati ya roza, na mkojo hutoka mwekundu siku hiyo. Jua mapema usije ukapiga kelele chooni. Predinisoloni ilinikosesha usingizi na kunipa njaa ya mtu anayekula daku, na wenye sukari huwapandishia. Nywele zilikwenda, zikarudi. Vinkristini ilinifunga choo, na vidole vilikufa ganzi. Mpaka leo kufunga vifungo vya shati kunanichukua muda.

La hatari ni homa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, askari wa mwili wanakuwa wamepungua mno. Homa ikifika nyuzi 38, hata usiku, hata Idi, hata unajisikia vizuri, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimeze panadoli kwanza, kwani itaificha. Baada ya duru ya tatu kipima joto kilisoma 38.4 usiku wa Jumapili. Mimi nikasema tungoje asubuhi, nisiwasumbue watu. Mama watoto hakunijibu, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Nikatiwa dawa ya mshipani mara moja, nikalazwa siku tano. Daktari aliniambia asubuhi ile pengine nisingeifika. Mke wangu kisomo chake ni cha chuoni tu, lakini usiku ule yeye ndiye aliyekuwa na elimu.

Kuhusu chakula, kula kilichopikwa kikaiva. Samaki wabichi, maziwa ya kukamua, na matunda yasiyooshwa niliyaacha. Habasoda, asali na mitishamba, mwambie daktari unachotumia, kwani vingine hugombana na dawa. Dua na kisomo havigombani na dripu, na wauguzi wa huku walituachia nafasi. Ramadhani ile sikufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake, na kujitia ushujaa si ibada. Wenye umri wa kuzaa waulize kuhusu uzazi kabla ya dozi ya kwanza, si baadaye.

Pa kupata msaada

Hapa Australia mwenye kadi ya Medicare hutibiwa katika hospitali ya serikali bila malipo, na dawa nyingi zimo katika mpango wa serikali wa kupunguza bei. Ziko jumuiya za hiari: Lymphoma Australia ina wauguzi wanaojibu maswali, Leukaemia Foundation husaidia wanaotoka mbali, na Cancer Council ina simu 13 11 20. Asiyejua Kiingereza apige 131 450 aombe mkalimani wa Kiswahili. Tulifanya hivyo kwa ajili ya mke wangu. Mkalimani alikuwa Mkongo, na Kiswahili chake na cha Bi Mkubwa wa Malindi, Unguja, vilipishana hapa na pale, lakini alitoka ameelewa, na ndiyo maana usiku wa homa alijua la kufanya.

Oman kuna Kituo cha Taifa cha Saratani katika Hospitali ya Royal, kuna hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na kituo kipya cha saratani chenye jina la Sultan Qaboos, vyote Maskati. Chama cha Saratani cha Oman kina nyumba ya Dar Al Hanan kwa watoto wagonjwa na mama zao wanaotoka mikoani. Tanzania ni Ocean Road, Dar es Salaam, na wa Unguja na Pemba huvuka maji kwenda huko. Bugando iko Mwanza, na KCMC Moshi. Kenya, Kenyatta mjini Nairobi na Coast General mjini Mombasa. Uganda ni ile ile taasisi ya Mulago.

Lakini msaada wa kwanza ni ndugu kujua. Nilipoficha, nilikwenda hospitali peke yangu kwa basi na kurudi natapika. Nilipowaambia jamaa msikitini, kijana mmoja ambaye nilikuwa simjui hata jina alinipeleka duru nne kwa gari lake na kuningoja saa sita sita barazani. Mama mmoja wa Kilamu alileta uji kila Jumatano. Ukificha maradhi, aibu haikupungukii, wanaopungua ni wa kukusaidia.

Sasa napimwa kila miezi mitatu, na picha ya mwisho haikuonyesha kitu. Jioni natembea hadi Molineux Point, pembeni mwa bandari, nakaa nikitazama meli zinavyoingia. Sijui nimebakishiwa kiasi gani, kama asivyojua mwingine yeyote.

Mpwa wangu naye aliuliza jina la aina yake, nililomwambia aulize. Ni ile ile yangu. Amemweleza mumewe, na mumewe amezungumza na mama yake. Jumapili iliyopita alipata dozi ya kwanza, na nilipompigia jioni alikuwa anacheka, ananisimulia jinsi meno yalivyomgongana. Aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda chake, ameshika kikapu cha chai na mkate wa ufuta, alikuwa mama mkwe.

Tumwombee yeye na wagonjwa wote. Na wewe unayesoma, ukimaliza, pitisha vidole shingoni na kwapani. Ukikuta kinundu kisichouma, kesho nenda.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu, karani mstaafu, Port Botany, Sydney